Nyumba ya Watoto Kwenye Malka

Kamba ya kumfungia mtoto ilikuwa ya ukindu, si ya katani, maana katani huchuna. Ulimfunga mguu mmoja, juu kidogo ya kifundo, ukapima urefu: afike kwenye kivuli cha dungu, asifike ukingoni mwa maji. Dungu ni kile kichanja cha miti tunachopanda kuamia ndege mpunga unapoiva. Wakati wa palizi hakina kazi, basi nguzo yake ndiyo ilikuwa nguzo ya mtoto. Ukishafunga, ulimwekea kibuyu cha maji na kipande cha muhogo, ukaingia kwenye mpunga. Usinione mkatili. Mama yangu alinifunga mimi, na bibi yangu alimfunga mama yangu. Mto Tana una mamba, na mpunga haupaliliwi na mtu aliyekaa kumshika mtoto.

Nakumbuka jina la kila mtoto aliyefungwa kule ng'ambo ya mto, kwenye mashamba ya mpunga, mwaka ule, na la mama yake, na nguzo yake ilikuwa ipi. Sitayaandika. Wengine sasa ni wazee wenye mvi na hawakunipa ruhusa, na mmoja hayupo wa kuulizwa.

Huyo mmoja alikuwa wa jirani yangu. Shamba lake na langu yalitenganishwa na tuta tu. Alikuwa na miaka miwili. Kamba ililowa umande asubuhi, ikakauka, ikalegea. Mama yake aliinuka kunyoosha mgongo, akaona kamba imelala peke yake, kitanzi kizima, kama bangili iliyovuliwa. Tulitafuta kwa mitumbwi mpaka jioni. Sitasema zaidi ya hapo. Siku ya nne mama yake alirudi kwenye mpunga wake, maana magugu hayaji kutoa pole.

Mimi wakati huo nilikuwa na mtoto wa kike, wa kwanza, ndiyo kwanza anaanza kukimbia, na alama ya kamba iko mguuni mwake. Mume wangu alikuwa kazini mbali, huja mara moja kwa mwaka. Nikasema: palizi ijayo mtoto wangu hafungwi. Sikujua nitafanyaje. Nilijua tu kwamba hafungwi.

Hii ni miaka ya hamsini, Mzungu bado anatawala. Kabla ya palizi nyingine kufika, likaja kijijini gari la serikali. Ndani mlikuwa na Memsab mmoja, mama wa Kizungu mrefu, mwenye kofia ya majani, na bwana mtu mzima wa Kipini, mkalimani wake. Kiswahili cha yule bwana kilikuwa kimenyooka kama cha Lamu. Chetu sisi akikisikia alikuwa anafumba macho kama mtu aliyeuma mchanga. Akina mama tuliitwa sote tukae chini. Memsab akatoa kwenye sanduku mtoto wa mpira, mweupe, macho ya buluu, akaanza kumwogesha kwenye karai.

"Kichwa mshikeni hivi," mkalimani akasema. "Msikiache kikalegea."

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema kwa Kipokomo, "Mtoto gani huyu hata halii? Muulizeni amemlisha nini na sisi tukawalishe wetu."

Tulicheka mpaka Memsab akasimama na sabuni mkononi. Mkalimani akauliza kuna nini, tukamwambia tumefurahi.

Mimi nikainuka. Madarasa yangu ni mawili tu, lakini kusimama mbele za watu sikuwahi kuogopa. Nikasema, "Bwana, mwambie Memsab kuogesha tunajua. Sisi tunataka mahali pa kuwaweka watoto tukiwa shambani."

"Bibi, hayo si tuliyoyajia leo."

"Wewe tafsiri."

Akatafsiri. Nilimtazama Memsab usoni, nikaona kwamba amefurahi kweli. Akajibu maneno mengi. Tukijenga nyumba sisi wenyewe, ya miti na udongo, na choo kando, na tukichagua akina mama wawili wa kuwatunza watoto, yeye ataleta kila mwezi maziwa ya unga, bakuli na sabuni. Mahali pa kujenga atapachagua mwenyewe, kwa sababu lazima paandikwe kwenye karatasi.

Akatoka kwa miguu, sisi nyuma yake. Akapita kwenye migomba, akasema hapana. Akapita kwenye miembe, akaangalia juu, akasema nyoka. Mwisho akafika mahali peupe, pana kama uwanja, udongo umekanyagwa zamani ukawa mgumu kama sakafu, nyasi fupi tu, na gari linafika. "Hapa," akasema, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Sisi tulijua pale ni nini. Ilikuwa malka, njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni. Ukingo wote wa mto tunalima sisi Wapokomo. Waorma wanachunga bara, na kiangazi ng'ombe wao wanakuja kunywa. Hawawezi kupita juu ya mashamba, ndiyo maana tangu kale iliachwa milango, hapa mmoja na kule mwingine, na mlangoni halimi mtu hata mchicha. Malka ile ilikuwa haijapitwa na ng'ombe kwa miaka kadhaa. Mto ulikuwa umejikunja ukaondoka ukaacha mchanga mtupu, Waorma wakahamia malka ya chini, ya upande wa Minjila. Na siku ile Memsab anasonta kidole, mvua za masika ndiyo kwanza zimekwisha, ng'ombe wote wako bara kwenye majani mabichi. Hapakuwa na Morma hata mmoja wa kuulizwa.

Mama mkwe wangu ndiye peke yake aliyesema. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, sauti yake haipandi. "Hapo ni mlango wa watu," akasema.

Mzee wa kijiji akamjibu, "Malka hiyo imekufa. Mto umeondoka, ng'ombe wameondoka."

"Mlango usipofunguliwa siku mbili tatu umekuwa ukuta?"

Na mimi, kwa haraka yangu, nikamwambia, "Basi mjukuu wako alale wapi, mama? Kwa mamba?"

Maneno hayo mkaza mwana hamwambii mama mkwe wake mbele za watu. Alinitazama, akajifunga leso yake vizuri, akanyamaza. Kosa letu halikuwa kutojua. Kosa letu lilikuwa kufikiri kwamba malka hufa.

Tukajenga. Wanaume walikata miti msituni, sisi tukakanda udongo na kuezeka kwa majani ya mti wa mkoma, tukazungushia ua wa miiba. Ilipokuja kuchagua watunzaji, kila mtu alimtaja mama mkwe wangu. Nilidhani atakataa. Akasema, "Mmejenga pabaya, lakini watoto hawana kosa," akaingia. Wa pili wake alikuwa mjane mmoja wa kijijini.

Siku ya kwanza ya palizi nilimfikisha mwanangu pale, nikapanda mtumbwi, nikavuka. Nilipalilia mstari mzima bila kugeuza shingo. Nilipofika mwisho nikageuka kwa mazoea, nikaona nguzo ya dungu haina mtu. Nikakaa kwenye tope nikalia. Halafu nikainuka, maana jua lilikuwa linapanda. Mwaka ule nilipalilia kipande ambacho mwaka wa kabla yake kiliniliwa na magugu.

Na kule nyumbani kwa watoto mambo yalikwenda. Mama mkwe aliwafundisha kuhesabu kwa mbegu za mkoma, kunawa kabla ya kula, kumwamkia mtu mzima. Shida ilikuwa moja, maziwa ya Memsab. Watoto waliyatema. Wao maziwa waliyoyajua yalikuwa ya Waorma, na mwanamke wa Kiorma kibuyu chake hukifukiza kwanza kwa moshi wa mti, maziwa yakawa na harufu tamu ya moshi. Kila nyumba yetu ilikuwa na nyumba yake ya Kiorma: kiangazi yeye anakuletea maziwa, wewe unampa mahindi. Mimi nilikuwa na rafiki yangu, tuliyelingana umri, nimerithi urafiki huo kutoka kwa mama mkwe. Basi mama mkwe akachukua kopo la bati la Memsab, akatia kaa la moto, akalifukiza kama kibuyu, ndipo akakoroga maziwa ya unga mle. Watoto wakanywa wakalamba na vidole. Memsab alipokuja alifunua kopo akaona masizi.

"Anauliza huu uchafu ni wa nini," mkalimani akasema.

"Mwambie ni chumvi ya hayo maziwa," mama mkwe akajibu.

Sijui alitafsiri nini. Memsab aliandika kwenye daftari lake, lakini alipowaona watoto wanavyokunywa aliacha kopo lilivyo.

Tukavuna mpunga. Tukapanda mahindi kwenye kingo maji yalipopungua. Mimi nililima kipande kimoja kilichoinuka, kando kabisa ya malka, cha ukoo wa mume wangu. Mafuriko yaliyoshuka baada ya sisi kujenga yalikuwa yamerudisha mto kwenye kona yake ya zamani, chini ya nyumba ya watoto. Tulifurahi, maana maji ya kuchota yalikuwa karibu. Hakuna aliyefikiri kwamba sisi si peke yetu tunaotafuta maji.

Mvua za vuli zikakataa kunyesha. Mahindi yangu yalisimama kwa unyevu wa mto tu, ndiyo kwanza yanatoa maziwa ndani, wakati vumbi lilipoonekana upande wa bara. Ilikuwa asubuhi, jua limepanda kiasi. Nilikuwa napalilia. Nikasikia kengele za miti zinazofungwa shingoni mwa ng'ombe, kisha mlio, ule mlio wa ng'ombe aliyenusa maji baada ya siku nyingi. Nikatupa jembe nikakimbia.

Ng'ombe akishanusa maji harudishwi na mtu. Walikuja malka nzima, upana wote, na katikati ya malka imekaa nyumba. Ua wa miiba ulilala kama nyasi. Niliona ng'ombe wakigawanyika huku na huku, na mlangoni mama mkwe wangu amesimama, mfupi vile vile, anapiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, hasogei. Nyuma yake mjane amewalaza watoto wote kando ya ukuta wa ndani na kuwafunika kwa mikeka. Fahali mmoja alichoma pembe kwenye ukuta wa udongo, akatoa, akaacha tundu unaloweza kupitisha kichwa. Halafu wakapita. Nilihesabu watoto mara tatu. Walikuwa wote. Wangu alikuwa anauliza ng'ombe wamekwenda wapi, anataka kuwaona tena.

Nyuma ya ng'ombe akaja mzee wa Kiorma, mrefu, mkavu, fimbo begani. Hakupiga kelele. Alizunguka nyumba, akagusa ukuta.

"Nani najenga hapa?"

Sisi na Waorma tulizungumza Kiswahili cha sokoni, kila mtu akichukua neno alilo nalo. Nikasema, "Sisi akina mama, baba. Ni nyumba ya watoto."

"Malka ya chini iko matope. Ng'ombe naingia, hapana toka. Hii maji narudi, mimi naona. Ng'ombe hapana jua nyumba ya mtoto. Yeye najua maji." Akanionyesha vidole vitatu. "Siku tatu. Siku ya nne nakuja ng'ombe yote. Nyumba hapana toka, ng'ombe natoa yenyewe."

Jioni ile wanaume wakakaa. Mzee wa kijiji, yeye aliyesema malka imekufa, sasa akasema nyumba ni ya serikali, imeandikwa kwenye karatasi, na atakayeigusa amegusa serikali. Vijana walikuwa tayari wananoa mapanga. Wakasema watalala pale pale kwenye nyumba mpaka siku hiyo ya nne ifike.

Mimi niliona mambo mawili tu. Wakipigana, nyumba itachomwa, na watu watakufa juu yake. Tukibomoa tukaacha, palizi ijayo nitakuwa nimeshika tena ukindu. Yote mawili niliyakataa. Nikamwendea mama mkwe, nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, nisamehe ule mdomo. Twende kwa wenyewe."

"Nilikuwa nangoja uje," akasema. "Beba mtoto."

Asubuhi tulishuka kwa mtumbwi mpaka Garsen, kwenye duka la Msomali, nikabadilisha kuku wawili kwa tumbaku na buni za kahawa. Mtu haendi kuomba radhi kwa Morma mikono mitupu. Kutoka pale tukatembea, mtoto mgongoni, mpaka kwenye kambi yao.

Rafiki yangu alituona tangu mbali. Hakuinuka. Alikaa mlangoni mwa kibanda chake anasugua kibuyu kwa jani.

"Sasa nakuja," akasema. "Wakati wa kujenga, hapana kuja."

"Mlikuwa bara, dada."

"Bara iko mbinguni? Kila mwaka mimi narudi. Kila mwaka! Wewe nasahau mimi narudi?"

Mama mkwe, aliyejua Kiorma tangu utoto, akasema naye kwa lugha yao, kisha akarudia kwangu ili nisikie alichosema: "Nimemwambia mimi sikusahau. Nilijua, nikasema mara moja, nikanyamaza. Mwenye kujua akanyamaza ndiye mwenye kosa."

"La," nikasema, "mdomo ulikuwa wangu. Kosa ni langu."

Rafiki yangu akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Watu nagombania ng'ombe. Nyinyi nagombania kosa?" Akacheka kidogo, kwa shida, akaweka kibuyu chini. "Ingia. Mtoto naungua jua."

Yule mzee wa fimbo alikuwa baba mkwe wake. Akaja, akapokea tumbaku, buni zikakaangwa kwa samli, tukapewa kila mtu chache kwenye kijiko cha mti, tunatafuna. Ukishakula buni pamoja, neno kali halisemwi tena. Linabaki neno tu. Ndipo akaniuliza, ile nyumba ni ya nini hasa? Mpokomo ana nyumba, mtoto akae nyumbani.

Nikamshusha mwanangu, nikamsimamisha mbele yake, nikamwonyesha mguu.

Akainama. "Hii nani nafunga?"

"Mimi."

"Mama yake?"

"Mimi, baba. Kwa sababu ya mamba."

Rafiki yangu akasema jambo kwa Kiorma, haraka, na mzee akatazama pembeni. Mama mkwe akanieleza baadaye: kwamba wao wanapokwenda Garsen na maziwa, wenye watoto wawili humbeba mdogo, na yule mwingine humfungia kibandani, mlango umezibwa kwa tawi la miiba, na moto umo mle ndani. "Nikitembea na maziwa," rafiki yangu alimwambia mzee, "masikio yangu yanabaki nyuma."

Mzee akachukua fimbo akachora mchangani: mto, malka, mashamba. "Malka lazima wazi. Nyumba natoka. Lakini mimi hapana sema naenda mbali." Akaweka ncha ya fimbo kando ya malka, mahali palipoinuka. "Hapa juu. Ng'ombe hapana panda hapa. Maji hapana fika. Hii ya nani?"

Ilikuwa yangu. Ilikuwa mahindi yangu.

Nilimtazama mama mkwe. Ardhi ni ya ukoo wa mwanawe, si yangu kuitoa, na yale mahindi ndiyo tungekula mpaka mpunga mwingine. Yeye alikuwa anamtazama mtoto aliyekuwa ameshika ndevu za mzee wa watu. "Shamba ni la mwanangu," akasema, "na mwanangu hayupo. Kata."

Kesho yake alfajiri nilianza kukata. Mahindi mabichi, shina baada ya shina, yanalia kwenye panga. Wanawake wa kijiji walikuja wakidhani nimerukwa na akili. Nilipowaambia, wakachukua mapanga nao. Jirani yangu, yule aliyempoteza mtoto, alikata mistari mingi kuliko mimi. Wanaume walikuja wakasimama.

"Mnawakabidhi Waorma nyumba ya serikali?" mzee wa kijiji akauliza.

Jirani yangu akamjibu bila kuinua kichwa. "Serikali ilikuwa wapi ng'ombe walipokuja? Aliyekuwa mlangoni ni bibi mmoja na kifuniko cha sufuria. Kama huna panga la kukatia, baba, tuondolee kivuli chako."

Akaondoka. Lakini baada ya muda kidogo tukaona vijana wawili wanaleta mapanga yao yaliyonolewa, wanaanza kukata upande wa chini.

Kuvunja nyumba tulikuwa hatujui. Nyumba yetu Wapokomo ikishasimama imesimama. Ukiitoa inakuwa lundo la udongo. Tulianza kwa mashoka, tukawa tunaharibu miti. Alasiri rafiki yangu akafika na wanawake wengine wa kwao, wanawaongoza punda waliobeba mikeka ya nyasi na miti iliyopindwa. Alisimama akatutazama tunavyopiga ukuta, akashika kiuno.

"Nyinyi naua nyumba," akasema. "Nyumba kama ng'ombe. Lazima natembea."

Kwa Waorma nyumba ni kazi ya mwanamke, na huihamisha mara nyingi katika maisha yake. Alituonyesha: kwanza fungua kamba za paa, usikate, shusha paa zima, kila mtu chini ya ukingo, inueni pamoja. Tukalibeba paa lile kichwani, Wapokomo na Waorma, kutoka katikati ya malka mpaka juu kwenye mashina ya mahindi, tunacheka kwa sababu hatuoni mbele. Miti iliyopona tukaisimamisha upya. Udongo hatukuwa na siku za kukanda na kukausha, basi kuta zikawa mikeka yao juu ya miti yao iliyopindwa. Nyumba ikatoka na kichwa cha Kipokomo na tumbo la Kiorma, imevimba ubavuni. Usiniulize ilikuwa nzuri. Ilikuwa imesimama.

Siku ya nne ng'ombe walipita wote, asubuhi mpaka adhuhuri, na watoto walikaa juu wakiwatazama na kubishana ni yupi mkubwa. Mle ndani walikuwamo pia watoto wa Kiorma. Hilo ndilo neno rafiki yangu aliloliomba: mikeka yake ikikaa, mtoto wake naye akae.

Siku iliyofuata likaja gari. Lilikwenda moja kwa moja mpaka malka, likasimama katikati ya mavi mabichi. Memsab akateremka, akaona mashimo manne ya nguzo, na ng'ombe waliochelewa wanampita kushoto na kulia. Nilishuka kumpokea. Alikuwa mwekundu.

"Anauliza nyumba yake iko wapi," mkalimani akasema.

"Nyumba yetu ile pale juu."

Akapanda. Akazunguka. Akachungulia ndani, akaona watoto wamekaa duara, mama mkwe katikati na mbegu zake. Akauliza wale wengine ni wa nani, nikamwambia ni wa wenye njia. Aliwatazama tena, nikadhani amelegea. Lakini alipofungua kitabu chake uso ulirudi ulivyokuwa.

"Anasema nyumba iliyoandikwa ni ya udongo, na iko pale chini. Hii hakuikubali yeye. Na watoto wa kuhamahama hawamo kwenye orodha. Anasema mrudi pale, serikali itazungumza na Waorma. Au maziwa yasimame mpaka aandike barua na ijibiwe."

Akina mama walinitazama. Nilijua wanachofikiri, maana mimi mwenyewe nilikuwa nakifikiri: kopo, bakuli, sabuni. Mahindi nimekwisha yakata. Nikamwambia mkalimani, "Mwambie Memsab tunamshukuru. Bila yeye tusingeanza. Lakini pale chini haturudi. Pale pana wenyewe, na wanarudi kila mwaka."

"Bibi, fikiri kidogo kabla sijasema."

"Nimefikiri siku nne. Tafsiri."

Safari hii alitafsiri polepole, na sidhani alipunguza neno. Memsab alifunga kitabu. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa mama mkwe mkono, akaacha sabuni zilizokuwa garini. Maziwa alirudi nayo. Barua kama ilijibiwa sisi hatukuiona. Yeye alihamishwa, na aliyekuja baada yake alikuwa na mambo ya visima.

Mwaka ule tulikula vibaya. Mahindi mabichi tuliyachoma tukayamaliza kwa wiki chache, baada ya hapo ilikuwa mizizi ya yungiyungi na samaki, na mume wangu aliporudi alitazama lile shamba kwa muda mrefu kabla ya kuniamkia. Lakini watoto kila asubuhi walipelekwa, na maziwa yalitoka kwa rafiki yangu na wenzake, kibuyu kwa zamu, sisi tukitoa samaki.

Kisha masika yakaanza kunguruma upande wa juu. Asubuhi moja rafiki yangu akaja na punda. Majani yameota bara, wanaondoka. Akafungua mikeka yake mmoja mmoja, akaikunja, akaifunga, akamchukua mwanawe aliyekuwa anampigia kelele mama mkwe wangu asimwachie. Tulijua siku hiyo itafika, hata hivyo nyumba ilipobaki paa na miti mitupu, upepo unapita mle ndani, akina mama walisimama hawajui wacheke au walie. Palizi ilikuwa mbele yetu.

"Mimi narudi," rafiki yangu akasema.

"Najua unarudi," nikamwambia.

Alipopotea kwenye vichaka nikachukua panga nikaenda kukata majani ya mkoma, na jirani yangu akanifuata, na wengine. Kabla ya jua kutua pande mbili za nyumba zilikuwa zimezibwa kwa majani hayo. Kesho yake asubuhi mama mkwe aliwakalisha watoto kwenye pande zile mbili, mimi nikavuka mto na jembe langu.